Fumba Macho, Tutembee Thika

Ukipanda matatu nambari 237 jijini Nairobi, kuna uwezekano wa kufika Thika kabla hujamaliza kulisoma gazeti lako, mradi tu pasiwe na msongamano wa magari. Barabara ile ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, na tangu hapo Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai, Ruiru na Juja hupita dirishani mbio mbio kama picha za sinema. Wengi wetu tunaijua Thika kwa mambo mawili, viwanda na mananasi. Leo, msomaji, ningependa tuizuru kwa njia nyingine. Ningependa uizuru ukiwa umefumba macho, kwa maana ndivyo nilivyoizuru mimi Jumamosi moja, nikiandamana na shangazi yangu.

Shangazi ana umri wa miaka 61, na tangu usichana wake amekuwa fundi wa kushona nguo. Ugonjwa wa macho uitwao glakoma ulimwibia uwezo wa kuona pole pole, ukianzia pembeni ukija katikati, hata sasa anachokiona ni mwangaza wa dirisha tu na kivuli cha mtu akipita mbele yake. Hayo alikuwa ameyakubali. Ambalo hakulikubali ni lile lililompata mwaka jana, alipotoka kwenda dukani, hatua zisizozidi mia moja kutoka mlangoni, akatumbukia katika mtaro uliokuwa umeachwa wazi. Alivunjika mkono. Mkono ulipona, lakini yeye akakataa katakata kutoka nje. Kwa miezi minane alikuwa mtu wa kukaa kitini karibu na redio, na kila tulipomsihi jibu lake lilikuwa moja: "Mtu asiyeiona ardhi ataikanyagaje?"

Swali hilo ndilo lililotupeleka Thika. Mjini humo anaishi mwalimu mmoja mstaafu ambaye hajawahi kuona tangu alipozaliwa, na ambaye nilijulishwa kwake na rafiki yangu. Hapendi jina lake liandikwe gazetini, kwa hivyo nitamwita Mwalimu tu. Thika nayo si mji mgeni kwa watu wasioona. Hapa ndipo Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule ya wasioona mwaka 1946, na ukizunguka mjini si ajabu kukutana na vijana wawili watatu wameshikana viwiko, fimbo nyeupe mkononi, wakipiga gumzo na kucheka kama vijana wengine wowote.

Ndani ya matatu Shangazi alinishika mkono kwa nguvu, hata kucha zake zikaacha alama. Hata hivyo kuna jambo nililoliona ambalo sikulielewa wakati ule. Kila gari lilipokata kona, mwili wake ulijisawazisha kabla ya wangu. Na dereva alipokanyaga breki ghafla tulipokuwa tukikaribia Juja, mimi niliyekuwa nikitazama mandhari ndiye niliyegonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Yeye alikuwa ameshajizatiti. "Gari limeanza kupunguza mwendo zamani," aliniambia, "wewe ulikuwa wapi?"

Mwalimu alitupokea langoni. Alitutangulia kuelekea nyumbani bila fimbo, akapanda vidato vitatu vya baraza bila kusita, akatuonyesha viti, kisha akasisitiza kutumiminia chai yeye mwenyewe. Nilimtazama kwa makini, na nakiri kwamba nilikuwa nikingoja chai imwagike. Haikumwagika. Ila niligundua desturi moja. Kila baada ya muda mfupi, hata alipokuwa akizungumza, upande wa nyuma wa kiganja chake uligusa ukingo wa meza, ukateleza hadi kwenye kikombe, ukarudi. Nilipomuuliza sababu alicheka.

"Mkono ukikaa tuli kwa muda mrefu husahau uliko," alisema. "Wewe huyaoni haya kwa sababu macho yako yanaukumbusha kila mara. Mimi naukumbusha kwa meza."

Maneno hayo si utani, msomaji, na unaweza kuyathibitisha nyumbani pamoja na watoto baada ya chakula cha mchana. Fumba macho, nyosha mkono mmoja kando, kisha urudishe kidole kimoja kiguse ncha ya pua. Kitafika, au kitakosea kwa upana wa kidole. Ni nani aliyekionyesha njia? Si macho, maana umeyafumba. Wala si mguso, kwa sababu hewani hakikugusa kitu. Sasa uweke mkono huo mezani usiutikise kwa dakika kadhaa, macho yakiwa bado yamefumbwa, halafu jaribu kuugusa kwa kidole cha mkono wa pili. Aghalabu utakuta makisio yameanza kupotoka. Mwili unajua viungo vyake viko wapi, lakini maarifa hayo huchakaa yasipohuishwa kwa kusogea au kwa kugusa.

Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu ana hisi tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hii ninayoizungumzia haimo katika orodha hiyo, ingawa bila hiyo usingeweza kulileta gazeti mbele ya uso wako. Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina mwaka 1906, jina gumu la propriosepsheni. Sisi tuiite hisi ya mkao, yaani ile inayokuambia goti limekunjwa kiasi gani na kiwiko kimeelekea wapi. Ndani ya misuli yako mna vijinyuzi vyembamba vilivyozungushiwa ncha za mishipa ya fahamu. Msuli ukinyooka, vijinyuzi navyo huvutwa, na habari hukimbia kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo. Kano zinazofunga misuli kwenye mifupa nazo hupima nguvu ya mvuto, na ngozi ya gotini inapokunjwa huongeza neno lake. Hayo yote hujumlishwa na habari kutoka ndani ya sikio, mahali penye kiungo cha kupimia mizani ya mwili. Ndiyo sababu Shangazi alijua gari linapunguza mwendo kabla yangu. Mimi pia nilipelekewa habari ile ile. Sikuisikiliza tu, kwa kuwa nilikuwa nikitazama mashamba.

Jinsi vijinyuzi hivyo vinavyogeuza mvuto kuwa habari ilikuwa kitendawili kwa miaka mingi. Mwaka 2010 kundi la wanasayansi huko California, Marekani, likiongozwa na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanon, lilitangaza kugundua protini mbili zinazofanya kazi kama milango midogo katika seli. Zikivutwa, mlango hufunguka na umeme hupita. Moja yazo, iitwayo Piezo2, ndiyo inayotumika katika hisi ya mkao, na kwa kazi hiyo Patapoutian alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Walitembea, ingawa kwa shida, mradi tu waone. Walipofungwa macho walipepesuka na ilibidi washikwe wasianguke.

Basi Mwalimu aliweka kikombe chini akamgeukia Shangazi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa hajasema zaidi ya salamu.

"Mama, nimeambiwa wewe ni fundi wa nguo."

"Nilikuwa, Mwalimu. Sasa ni wa kukaa."

"Cherehani yako ni ya mkono au ya miguu?"

"Ya miguu."

"Na ulipokuwa ukishona, macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye sindano. Ningeyaweka wapi tena?"

"Na miguu, ni nani aliyekuwa akiitazama?"

Shangazi alinyamaza. Nilitazama chini ya meza nikaona nyayo zake zimeanza kwenda, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama zimewekwa juu ya pedali. Kwa zaidi ya miaka 40 miguu ile ilikuwa imeendesha cherehani, ikapunguza kasi kwenye kona ya kola na kuongeza kwenye upindo wa rinda, na hakuna siku hata moja aliyoinama kuitazama. "Haya," alisema hatimaye kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, "lakini pedali haihami. Mtaro nao?"

Swali lilikuwa zuri, na Mwalimu hakulikwepa. Lakini kabla ya kutoka nje na kulijibu, alitaka tujue mkasa wa mtu mmoja ambaye ni kinyume kabisa cha Shangazi. Nitausimulia kwa ufupi maana unajulikana sana miongoni mwa wataalamu wa neva.

Mwaka 1971 kijana wa miaka 19 aitwaye Ian Waterman alikuwa mchinjaji na muuza nyama katika kisiwa cha Jersey, karibu na Ufaransa. Alishikwa na homa iliyoonekana ya kawaida. Alipoanza kupata nafuu aligundua kwamba kuanzia shingoni kwenda chini hahisi mguso wala hajui viungo vyake viko wapi. Misuli ilikuwa na nguvu zake, na baridi na maumivu aliyasikia, ila mwili wote ulikuwa kama si wake. Akiinua mkono, ulipaa kokote ulikotaka. Madaktari walidhani atamaliza maisha yake kitini. Lakini aligundua kwamba akiutazama mguu na kuufikiria, anaweza kuuamrisha. Kwa juhudi ya zaidi ya mwaka alijifunza kukaa, kusimama na hatimaye kutembea, kila hatua akiisimamia kwa macho. Taa zikizimika ghafla alianguka chini kama nguo iliyodondoka kambani. Mwaka 1997 shirika la BBC lilitengeneza filamu juu ya maisha yake.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu mwenye macho mazima, na giza linamwangusha. Shangazi yangu macho hana, lakini usiku wa manane huamka, huenda msalani, hurudi na kujifunika blanketi bila hata kugusa ukuta. Nilipoyasema hayo, yeye mwenyewe alishangaa kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine.

Huenda sasa unatarajia niseme kwamba Mungu akimnyima mtu macho humpa hisi ya ajabu badala yake. Hiyo ni imani ya watu wengi, na Mwalimu haipendi hata kidogo. Anasema imewafanya watu wamwache avuke barabara peke yake wakidhani ana rada kichwani. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima jinsi watu wasioona na wanaoona wanavyotambua mkao wa kifundo cha mguu. Wasioona walikuwa na utambuzi mkali zaidi. Hata hivyo, walipopimwa uthabiti wa kusimama, ukali huo haukutosha kufidia kukosa macho. Kwa lugha nyepesi, mazoezi huinoa hisi, lakini hayaigeuzi kuwa jicho. Jambo hilo unaweza kulionja sasa hivi: simama wima karibu na ukuta, miguu pamoja, kisha fumba macho. Utahisi vifundo vyako vikifanya kazi ya haraka haraka, mara mbele mara nyuma, kazi ambayo vilikuwa vikiifanya siku zote ila hukujua. Madaktari hutumia jaribio hilo hospitalini, kwani mtu ambaye hisi yake ya mkao imeharibika huanza kuyumba vibaya mara tu anapofumba.

Saa tano tulitoka. Mwalimu alinifunga leso ya Shangazi machoni, akanipa fimbo yake ya akiba, akaniambia nitembee moja kwa moja kwenye kichochoro kinachoelekea barabarani. Kichochoro hicho nilikuwa nimekipita saa mbili tu zilizotangulia na nilikikumbuka vyema. Nilianza kwa madaha. Hatua ya kumi nilihisi niko sawa. Hatua ya ishirini nilikuwa na hakika kabisa kwamba niko sawa. Kisha paja langu likagonga mbao na sauti ya mwanamke ikaniuliza, "Wewe baba, hizo nyanya umezilipia?"

Nilikuwa nimekata kushoto hadi kwenye kibanda cha mboga. Nililipa nyanya tatu zilizopondeka, na wateja walipata kicheko cha bure.

Si mimi tu niliye mzembe. Mwaka 2009 watafiti kutoka mji wa Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya kuwaambia watu watembee moja kwa moja. Waliokuwa wameona jua walifaulu. Waliofungwa macho walizunguka, wakati mwingine katika duara lenye upana wa mita 20 tu, huku wakiapa kwamba wananyoosha. Hisi ya mkao hukuambia kila hatua ilivyokuwa, lakini kila hatua ina kosa dogo, na makosa madogo yakijumlishwa yanakupeleka kwenye nyanya za watu.

"Sasa mama umepata jibu lako," Mwalimu alimwambia Shangazi pale kibandani. "Mwili hukuambia mguu wako uko wapi. Haukuambii dunia iko wapi. Ukidhani utakuambia, utaanguka. Ukidhani kwa kuwa haukuambii dunia basi haukuambii lolote, utakaa kitini hadi kufa."

Nafikiri hapo ndipo ziara yetu ilipoanza hasa. Mwalimu alitupitisha mtaani kwa mwendo wa pole, akitaja kila alichokuwa akikitumia. Jua lilikuwa limeegemea shavu lake la kulia, na lilipohamia masikioni alijua amepinda. Ardhi ilipoteremka kidogo, mteremko ambao mimi mwenye macho sikuwa nimeutambua asubuhi, vifundo vyake vilimwarifu kwamba karavati liko karibu. Ukingo wa lami aliufuata kwa fimbo kama mtu anayefuata upindo wa nguo. Mfano huo wa upindo si wangu. Aliutoa Shangazi.

Fimbo yenyewe inastahili maneno mawili. Mtu anayeona hudhani ni ya kuwaonya wenye magari. Ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Ukiishika na kugonga sakafu, husikii mtikisiko kiganjani bali kwenye ncha, kule chini. Mkono wako unajua kifundo chake kimekaaje, unajua urefu wa fimbo, na ubongo unafanya hesabu kana kwamba kidole chako kimerefuka kwa mita nzima. Mwaka 2018 wanasayansi walionyesha kwamba watu hutambua kwa usahihi mkubwa ni sehemu gani ya kijiti walichokishika iliyogongwa, bila ya kukitazama. Jaribu na mpini wa ufagio. Shangazi alipopewa fimbo aliigonga mara tatu, akakunja uso, akasema, "Ni kama sindano ikipita kwenye kitambaa kigumu. Unaisikia kwenye ncha."

Lakini nisifiche. Fimbo husoma kilicho chini, na mji wetu, kama miji yetu yote, umejaa vitu ambavyo si vya chini. Katika mwendo wa nusu saa tulikutana na kioo cha lori kilichochomoza usawa wa uso, pikipiki za bodaboda zilizopangwa juu ya njia ya miguu, waya wa kuanikia nguo, na shimo ambalo kifuniko chake kilikuwa kimetoweka, pengine kikauzwa kama chuma chakavu. Mwalimu alilijua shimo lile. Alinionyesha kovu lake kwenye muundi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na vyombo vya usafiri kwa namna inayofaa. Ningetamani waliokiandika wapewe leso na nusu saa.

Kuna na kosa la sisi wapita njia, ambao huwa tuna nia njema. Kijana mmoja alimkamata Mwalimu begani akaanza kumsukuma mbele ili amvushe. Mwalimu alisimama, akamshukuru, akaushika yeye kiwiko cha kijana, akarudi nyuma nusu hatua. "Twende sasa." Tofauti ni kubwa, msomaji, na ningependa uwafunze watoto wako. Ukimsukuma mtu, unamwondoa kwenye mizani yake na humwambii lolote. Akikushika kiwiko, mwili wako unakuwa habari kwake. Ukipanda kidato, kiwiko hupanda. Ukisita, hujua. Ukigeuka, mkono wake hugeuka kabla ya mguu.

Mkenya Henry Wanyoike wa Kikuyu alilionyesha jambo hili kwa dunia nzima. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Katika Michezo ya Olimpiki ya walemavu ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 akiwa ameunganishwa kwa kamba na mwelekezi wake. Mwelekezi akaishiwa na nguvu kabla ya mwisho. Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemvuta mwelekezi hadi kwenye utepe, akatwaa dhahabu. Shangazi alikuwa amesikia ushindi huo redioni zamani, lakini hakuwa amejua kwamba yule naye aliwahi kuona na akaanza upya. Aliniuliza mara mbili, "Alianza akiwa mtu mzima?"

Mchana tulikodi gari dogo tukaenda kwenye maporomoko ya maji. Kama hujawahi kufika, hoteli ya Blue Post imekuwepo tangu mwaka 1908, nayo imekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, kila mmoja na poromoko lake. Watu huja hapo kupigwa picha. Harusi haikosekani siku za Jumamosi, na siku hiyo kulikuwa na mbili. Mimi nimeyaona maporomoko ya Chania mara nyingi na, kusema kweli, siku hizi huyatazama kwa dakika moja kisha nikaulizia nyama choma. Siku hiyo nilijifunga leso tena kwa hiari yangu.

Kwanza mlio haukuwa mbele bali kila mahali. Tulipoanza kushuka kwenye njia ya vidato, ulihamia mbele kushoto, kisha ukawa mzito zaidi ukitokea chini. Vidato havikulingana. Kimoja kifupi, kimoja kirefu, na kwa kila kimoja mguu ulining'inia hewani kwa kitambo kidogo cha hofu kabla ya kukuta jiwe. Hapo ndipo nilipoielewa miezi minane ya Shangazi. Hofu haimo katika mguu uliokanyaga. Imo katika ule ulio hewani, ambao unajua vizuri kabisa ulipo, lakini haujui kinachoungoja. Nilivua leso. Sikuweza kuendelea.

Shangazi alikuwa nyuma yangu ameshika kiwiko cha Mwalimu, fimbo katika mkono mwingine. Nilimwona akitanguliza ncha, akaigonga kwenye ukingo wa kidato, akaiteremsha, akapima kina, kisha akashusha mguu hadi pale pale fimbo ilipokuwa. Hakuburuta wala kupapasa. Mguu ulitua kama uliokwisha kufika hapo awali. Baada ya vidato sita akakiachia kiwiko cha Mwalimu. Mimi nilitaka kusogea nimshike, lakini Mwalimu, ambaye sijui alinijuaje, aliinua mkono kunizuia.

Alishuka vilivyobaki peke yake. Vilikuwa vinane, alivihesabu kwa sauti. Chini, penye ukuta mfupi, alisimama huku rasharasha za maji zikimlowesha uso na kitambaa cha kichwa. Hakusema neno la maana. Alisema tu kwamba maji yana baridi na kwamba ana njaa. Tulikula samaki, na Mwalimu alimfundisha kuitambua sahani kama uso wa saa, ugali saa sita, mboga saa tatu, ili mkono ujue pa kurudi.

Tulirejea Nairobi jua likikaribia kutua. Safari hii hakunishika mkono. Aliishikilia fimbo kati ya magoti, na gari lilipokata kona alijisawazisha, na mara moja moja alinigusa kwa kiwiko kunitayarisha kwa breki. Tulipofika mtaani nilielekea nyumbani kwa njia tuliyoizoea, lakini yeye alisimama.

"Nipeleke pale nilipoanguka," alisema.

Nilimwambia kumeshaingia giza. Akanijibu kwamba hilo ni tatizo langu, si lake. Basi nikampa kiwiko, tukaenda hadi kwenye ule mtaro, ambao nasikitika kusema bado uko wazi. Aliutafuta ukingo kwa fimbo, akaupata, akashusha ncha hadi ikagonga sakafu ya mtaro. Kisha akaichomoa, akainyosha mbele hadi ikagusa ukingo wa pili. Akaurudia upana ule mara mbili, tatu, nne, kama alivyozoea kupima mabega ya mteja.

"Inchi kumi na nane," alisema. "Nilidhani ni mto."

Akainua mguu, akavuka.